Kuhamia Tangi Kubwa la Mimea: Anza na Sakafu, Samaki Waje Mwisho

Mfugaji wa samaki wa mapambo anayependa mimea hufika siku ambayo kitangi chake cha lita 60 hakimtoshi tena. Mimea imesongamana, gapi wamezaana hadi hawahesabiki, na macho yameanza kupima ukuta wa sebuleni. Kutamani tangi kubwa ni jambo jema hata kwa samaki wenyewe, kwa kuwa maji mengi hubadilika polepole. Katika lita 60, samaki mmoja aliyekufa nyuma ya jiwe anaweza kuharibu maji kwa usiku mmoja. Katika lita 200 unapata muda wa kugundua na kurekebisha.

Hatari iko katika kuhama kwenyewe. Mara nyingi samaki hawafi siku ya kuhamishwa. Hufa siku kadhaa baadaye, wakati mwenye tangi ameshapiga picha na kuwaonesha wageni. Hufa kwa sababu maji yalihamishwa na samaki wakahamishwa, lakini bakteria waliokuwa wakiyasafisha maji hayo wakaachwa nyuma au wakauawa kwa kuoshwa na maji ya bomba. Ninachotaka ukishike katika mwongozo huu ni hicho: kinachohamishwa hasa ni bakteria na mimea. Wakishatulia hao, kumhamisha samaki ni kazi ya dakika chache.

Nitatumia mfano wa nyumba ya Dar es Salaam na tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, ukubwa ambao fundi vioo anaumudu na sebule ya kawaida inaubeba. Ukiwa Nairobi, Arusha au Mbeya, mambo machache yatabadilika, hasa joto na aina ya maji, nami nitayataja yanapohusika.

Uzito, sakafu na stendi

Piga hesabu kabla hujanunua chochote. Tangi hilo likijazwa hadi ukingoni huchukua lita 243, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kioo cha milimita 10 kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na hapa unahitaji takriban mita za mraba mbili, kwa hiyo tangi tupu ni kilo 50. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, na ukiacha sentimita chache juu, maji hubaki kama lita 200. Ongeza kilo 50 au 60 za mchanga na mawe, kisha stendi ya chuma yenye kilo 30 hadi 40. Jumla inakaribia kilo 350. Ni sawa na watu wazima watano kusimama pamoja kwenye eneo dogo kuliko mkeka wa kuswalia, usiku na mchana, kwa miaka.

Kama unaishi nyumba ya chini yenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi, uzito huo si tatizo. Kagua vigae tu: vigonge kwa kifundo cha kidole, na pale panapotoa sauti ya utupu ujue chini hapakujazwa saruji, kwa hiyo mguu wa stendi usikae hapo. Ghorofani fikiri zaidi. Weka tangi likigusana na ukuta unaobeba jengo au karibu na nguzo, wala si katikati ya chumba, na kama jengo ni la zamani au lina nyufa, mwite mhandisi aangalie. Gharama ya kumwita ni ndogo ukilinganisha na jambo linaloweza kutokea.

Mahali pa tangi pawe mbali na jua la moja kwa moja. Jua la saa tisa alasiri likipiga kioo kupitia dirisha la magharibi litakuletea mwani wa kijani ambao hakuna taa wala dawa itakayoushinda, na katika mji ambao maji yanafika nyuzi joto 30 bila msaada wa mtu, jua hilo huongeza madhara. Pawe karibu na soketi, na pasiwe mbali sana na bomba au mlango wa nje, maana kila wiki utabeba maji.

Stendi ndiyo sehemu ambayo watu hubania fedha, nami nasema ndiyo ya mwisho kubaniwa. Usiweke tangi juu ya kabati la televisheni. Makabati mengi ya madukani ni ya mbao za unga wa mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Zikilowa huvimba, zikivimba hupinda, na kioo kisichokaa sawasawa hupasuka. Nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie unataka bomba za mraba za milimita 40 kwa 40, zenye unene wa milimita 2. Miguu iwe sita: minne kwenye kona na miwili katikati ya pande ndefu. Kisha msisitizie jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijali kwa kuwa wamezoea kutengeneza mageti: fremu ya juu ikae juu ya vichwa vya miguu, isichomelewe ubavuni mwa miguu. Ikikaa juu, uzito unashuka moja kwa moja kwenye chuma hadi sakafuni. Ikichomelewa ubavuni, mzigo wote wa tangi unaning'inia kwenye ulehemu peke yake.

Nyuma ya stendi iwekwe bomba moja la mshazari ili isiyumbe kwa pembeni. Mtoto akiiegemea au mtu akiigonga kwa mto wa kochi wakati wa usafi, hilo bomba ndilo linaloizuia isilale upande. Kimo cha sentimita 70 hadi 75 kinamfaa anayetazama akiwa amekaa. Chuma kikishasuguliwa kwa msasa kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, na hasa ndani ya kona ambako brashi haifiki kirahisi. Upepo wa bahari wa Dar, Tanga au Mombasa unakula chuma kilichopakwa rangi kwa haraka haraka.

Juu ya fremu weka ubao wa plaiwudi ya kuhimili maji wenye unene wa milimita 18, na juu yake kipande cha stairofomu cha sentimita moja. Stairofomu hiyo humeza vipunje vya mchanga na mabonde madogo ambayo yangekibana kioo mahali pamoja. Ila kama tangi limekuja na fremu ya plastiki chini, usiiweke. Tangi la namna hiyo limeundwa kubebwa na kingo zake, na stairofomu huweza kusukuma kioo cha kitako kwenda juu.

Sasa chukua pima maji. Ipime stendi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari ikiwa tupu, kisha ipime tena tangi likiwa na maji ya robo. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3 toka upande hadi upande, rekebisha kwa kusukumia vipande vya chuma au plastiki ngumu chini ya miguu ya stendi. Usiweke kitu kati ya kioo na ubao ili kusawazisha. Chini ya kila mguu weka pia kisahani cha chuma au mpira mgumu, ili uzito usikae kwenye ncha ndogo na kuchoma kigae.

Kioo kabla ya kuingia ndani

Fundi vioo akikuambia milimita 6 inatosha kwa kimo cha sentimita 45, mwombe akuwekee 10, au 8 yenye mikanda ya kioo juu kuzunguka kingo. Silikoni iwe ile ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Iache ikauke wiki nzima. Harufu yake kali kama ya siki ikiisha kabisa, weka tangi uani juu ya sehemu iliyo sawa, lijaze theluthi moja, subiri, ongeza theluthi ya pili, subiri, kisha lijaze. Liache siku mbili au tatu huku ukipitisha karatasi ya tishu kwenye kila kona. Kuvuja kwa tone moja uani kunarekebishika. Sebuleni, chini ya zulia na nyuma ya runinga, tone hilo ni balaa.

Tangi tupu la kilo 50 hubebwa na watu watatu wakishika kitako, si mikanda ya juu. Na tangi lenye maji halisogezwi kabisa, hata kwa sentimita mbili.

Maji uliyonayo ndiyo yatakayokuchagulia mimea

Maji ya bomba ya Dar hutoka zaidi mto Ruvu na huwekwa klorini. Nyumba nyingi, hata hivyo, zinaishi kwa kisima, na visima vya karibu na pwani mara nyingi vina chumvi na madini mengi. Nairobi hali ni tofauti: maji kutoka Ndakaini na Sasumua, milima ya Aberdare, ni laini. Kabla ya kuchagua mmea au samaki, pima pH na ugumu wa maji yako. Ukipata maji magumu usipigane nayo kwa kemikali. Chagua viumbe wanaoyapenda.

Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiacha maji kwenye ndoo wazi kwa siku moja au mbili, au upesi zaidi ukiyapigisha hewa kwa pampu. Mimi hupendelea kuwa na sodiamu thaiosalfeti ya kuondolea klorini nyumbani, kwa kuwa siku ya dharura hakuna anayesubiri saa 48. Maji ya mvua yanasaidia kupunguza ugumu wa maji ya kisima ukiyachanganya, lakini yasitoke kwenye paa la mabati mapya yasiyo na rangi, kwani huachia zinki, na zinki ni sumu kwa samaki na kamba wadogo. Acha pia mvua za mwanzo zioshe paa kwanza.

Kuna jambo lingine la maji ambalo husahaulika. Tangi la zamani lililokaa miezi likiongezwa maji tu huwa na naitreti nyingi (mabaki ya mwisho ya taka za samaki) na pH iliyoshuka. Samaki wamezoea polepole. Ukiwatoa humo na kuwatia kwenye maji mapya safi, tofauti hiyo inawagonga. Kwa wiki tatu kabla ya kuhama, badilisha robo ya maji ya tangi la zamani kila baada ya siku chache, mpaka maji yake yafanane na yale utakayoyaweka kwenye jipya. Kubeba maji ya zamani kwa madumu nako hakuna faida kubwa: bakteria hawaishi kwa wingi ndani ya maji. Wanaishi juu ya vitu: sponji, mawe, mchanga, majani.

Udongo, mchanga na mimea

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha galoni 12, sawa na lita 55 hivi, pamoja na mmea wa Vallisneria. Majani yaliyokufa yakaanza kuoza na kuchafua maji, naye akaongeza konokono wa kuyala. Hapo maji yakatulia. Mmea ulichukua taka za samaki, ukatoa oksijeni, na konokono wakasafisha mabaki. Kila tangi la mimea la leo, liwe la bei ya chini au la mamilioni, linaendeshwa kwa hesabu ile ile. Na Vallisneria ni mmea unaopaswa kuufahamu, kwa kuwa jamii yake inaota hata kwenye Ziwa Tanganyika, ziwa lenye maji magumu na pH ya juu. Mmea unaostawi huko hauogopi maji ya kisima cha Mbezi jijini Dar.

Kwa hiyo kwenye maji magumu nakushauri ujenge tangi kuzunguka mimea hii: Vallisneria kwa nyuma, ikining'inia juu ya maji kama nywele. Ceratophyllum, ambayo haina mizizi, hukua kwa kasi na hunyonya amonia kuliko karibu mmea wowote mwingine. Anubias, mmea wa misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, wenye majani magumu ambayo samaki wengi hawayali. Na feni ya Java kutoka Asia ya kusini-mashariki. Maji yako yakiwa laini, kama ya Nairobi, ongeza Bolbitis heudelotii, feni ya vijito vya Afrika ambayo sijaona nzuri kuipita chini ya taa ya wastani.

Kwa ajili ya sakafu ya tangi, usichukue mchanga wa ufukweni. Mchanga mweupe wa pwani umejaa vipande vya kombe na matumbawe, nao hupandisha pH na ugumu kila siku. Tumia mchanga wa mto uliochekechwa, chembe za milimita 1 hadi 3, uoshe mpaka maji yatoke safi. Jaribio lake ni rahisi: dondoshea siki kwenye kiganja kimoja cha mchanga mkavu. Ukitoa mapovu, una chokaa. Mawe nayo yajaribu vivyo hivyo, hasa yale ya matumbawe yanayouzwa kwa ujenzi.

Sasa kuna njia mbili, na uamuzi wako unategemea kama tangi jipya litakaa mahali pengine au palepale pa zamani. Kama lina mahali pake, tumia njia ambayo Mmarekani Diana Walstad aliieleza kwa kina kwenye kitabu chake cha mwaka 1999: udongo wa kawaida chini, mchanga juu. Chukua udongo wa shamba usiowekwa samadi wala dawa, uchekeche, uloweke na kuukausha mara kadhaa, kisha utandaze kwa kina cha sentimita 2.5 na uufunike kwa sentimita 3 za mchanga. Kiasi kidogo cha udongo mwekundu kinaongeza madini ya chuma ambayo mimea huyahitaji. Epuka udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Udongo mpya uliozama huachia amonia kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tangi lipandwe mimea mingi tangu siku ya kwanza, na samaki wabaki kwenye tangi la zamani kwa wiki tatu au nne zaidi.

Kama tangi jipya litakaa palepale na kila kitu lazima kifanyike siku moja, achana na udongo. Weka mchanga mtupu, na mimea ya mizizi ilishe kwa vijibonge vya mfinyanzi vilivyochanganywa na mbolea ya mimea ya majini, ukivichomeka karibu na mizizi. Hii ndiyo njia salama kwa samaki, hata kama mimea itachelewa kidogo kushika.

Upandaji una kanuni chache zisizosameheka. Weka maji theluthi moja tu, lowesha mimea kwa kinyunyizio wakati wote, na tumia kibano kirefu. Shina la Anubias na la feni, lile linene linalotambaa, halifukiwi mchangani kamwe, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, au ligandishe kwa tone la gundi ya supa glu. Kata majani yaliyozeeka kabla ya kupanda. Kama umepanda pia mmea wa Cryptocoryne, nao ukamwaga majani yote wiki ya kwanza, usiung'oe. Mizizi iko hai na itachipua upya. Ukimaliza, jaza maji polepole juu ya sahani iliyowekwa mchangani, ili mkondo usichimbue kazi yako.

Taa ya LED yenye mwanga mweupe wa mchana, kama kelvini 6500, inatosha. Iunge na taima: saa sita kwa siku kwa mwezi wa kwanza, kisha saa nane. Mwani wa wiki za mwanzo karibu kila mara unatokana na taa kuwaka muda mrefu kuliko mimea inavyoweza kutumia. Silinda ya hewa ukaa inaharakisha ukuaji, lakini kwa mimea niliyoitaja si lazima, na kwenye nyumba inayokatikiwa umeme ina hatari yake: hewa ukaa ikiendelea kuingia wakati pampu zimezima, samaki hukosa pumzi. Fedha hiyo inunulie mimea mingi zaidi.

Filta, umeme, na siku yenyewe

Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walionesha kuwa kuna bakteria wa jenasi ya Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Kwako maana yake ni kwamba jamii hii yote inaishi ndani ya filta, na sponji lililokomaa lina thamani kuliko tangi lenyewe.

Nunua filta mpya mapema, yenye uwezo wa kupitisha lita 800 hadi 1,200 kwa saa, na uiendeshe kwenye tangi la zamani kwa wiki tatu au nne sambamba na ile ya zamani. Ikifika siku ya kuhama ina bakteria wake tayari. Kama tangi la zamani ni dogo mno kwa filta hiyo, hamishia sponji la zamani ndani ya filta mpya. Usilioshe kwa maji ya bomba. Likiwa na uchafu mwingi, likamue taratibu ndani ya ndoo ya maji ya tangi.

Umeme ukikatika, sponji la filta iliyofungwa hubaki na maji yasiyo na oksijeni, na ndani ya saa chache bakteria huanza kufa. Umeme ukirudi, filta hutapika maji hayo machafu juu ya samaki. Ukatikaji ukizidi saa tatu au nne, ifungue filta na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Kwa sababu hiyo napendekeza kila tangi la Dar liwe na filta ya pili ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na pampu ndogo ya betri iwe karibu. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya nyuzi 20, na usiku mimea nayo huitumia badala ya kuitoa. Nairobi, Arusha na Mbeya shida ni kinyume: miezi ya Juni hadi Agosti utahitaji hita ili maji yasishuke chini ya nyuzi 22.

Nyaya zote zipindwe kuunda kitanzi chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondokee chini. Ekstensheni isilazwe chini ya stendi. Ifungwe ukutani, juu.

Kuhama, kwa njia ya siku moja, kunaenda hivi. Asubuhi usiwalishe samaki. Vuta maji ya tangi la zamani kwa mpira, ujaze ndoo zenye mifuniko nusu, na utie pampu ya hewa kwenye kila ndoo. Toa mimea kwanza na uiweke kwenye ndoo ya maji, kisha mawe na magogo, halafu samaki wakiwa katika maji machache wasiweze kukimbia. Filta au sponji lielee ndani ya ndoo yenye hewa muda wote, wala lisikaushwe na jua. Mchanga wa zamani usiusafirishe wote: umejaa taka, na ukivurugwa huachia gesi na amonia. Chukua kikombe kimoja cha tabaka la juu kama mbegu ya bakteria, na mwingine uutupe bustanini. Tangi jipya likishapandwa na kujazwa, washa filta, subiri maji yatulie na joto lake lilingane na la ndoo, kisha ongeza maji ya tangi jipya kwenye ndoo za samaki kidogo kidogo kwa saa moja kabla ya kuwahamisha kwa wavu. Taa izimwe usiku huo.

Wiki nne za kwanza

Lisha kiasi ambacho kinaliwa ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Pima amonia na naitraiti kila siku kwa wiki mbili. Ukiona yoyote kati ya hizo imepanda juu ya sifuri, badilisha robo hadi theluthi ya maji, yakiwa yametolewa klorini. Hapa pH ina sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani: kwa joto la nyuzi 28, kiasi cha amonia yenye sumu kwenye pH 8 ni karibu mara kumi ya kile kilichopo kwenye pH 7. Anayetumia maji ya kisima hana nafasi ya kusubiri kesho.

Usiongeze samaki wapya kwa mwezi mzima. Tangi litaonekana tupu, na wageni watauliza samaki wako wapi. Waoneshe mimea. Baadaye, kama maji yako ni magumu, gapi, moli na plati watastawi. Kama ni laini na una urefu huo wa sentimita 120, kundi la tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, litakupa rangi ambazo picha haizitendei haki. Samaki wa dhahabu na oska watang'oa kila ulichopanda. Wape tangi lao wenyewe.

Mimea inapokua utakuwa unakata mafungu kila wiki mbili. Yale yaliyozidi yakaushe juani kabisa kabla ya kuyatupa au kuyatia kwenye mboji, na usiyatupe mtoni, kwenye mtaro wala bwawani. Magugu maji yaliyolivamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalitoka Amerika ya Kusini, na sehemu kubwa ya kuenea kwake duniani ilitokana na watu kuyapenda kama mapambo. Salvinia nayo iliwahi kulisumbua Ziwa Naivasha. Kipande cha shina cha urefu wa kidole kinatosha kuanzisha kisa kama hicho, na samaki waliozidi nao wasiachiwe huko. Mpe jirani au rudisha dukani.

Kitangi cha lita 60 usikiuze. Kioshe, kiweke mahali penye soketi, na ukiendeshe kwa filta ndogo ya sponji ambayo sponji lake la akiba limekaa ndani ya tangi kubwa. Kila samaki na kila mmea utakaonunua baadaye akae humo wiki tatu kabla ya kuingia kwenye lile kubwa, maana ugonjwa wa madoadoa meupe na konokono wasioalikwa huingia nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani.